Dawa, Sumu na Unyumba

Hotuba ya mfamasia kwa wakulima wa zabibu na wateja wa kliniki ya presha na sukari, Mpunguzi, Dodoma

Mbukwenyi!

Nimesikia upande wa akina mama tu. Wanaume, mbukwenyi!

Haya. Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliojibanza kule chini ya mwembe kana kwamba haya hayawahusu: asanteni kwa kuja, na jua hili.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie "matumizi sahihi ya dawa". Ndivyo barua zinavyoandikwa. Mimi na nyie tunajua kilichotukusanya. Watu wanameza dawa za presha, za kifafa, za msongo wa mawazo. Akina mama wanachoma sindano za uzazi wa mpango. Na nyumbani mambo yamebadilika. Hamu imeshuka, au hamu ipo lakini mwili hauitikii, au kwa wachache hamu imepanda mpaka inatisha. Na hakuna aliyemwambia mtu. Kwa hiyo nitazungumzia unyumba. Wazee wangu, naomba radhi mara moja tu kwamba mwanamke amesimama mbele yenu kutaja mambo ya chumbani. Nimeshaomba. Sasa nataja.

Pale dirishani tunapotolea dawa, mwanaume mwenye shida hii namtambua mapema. Anawaacha wenzake wapite. Foleni ikiisha anasogea, anaegemeza kiwiko, anauliza kama tuna Panadol. Namjibu tunayo. Haondoki. Anageuka kutazama nyuma, halafu anauliza kwa sauti ya chini kama tuna "zile za wanaume". Nikimuuliza anatumia dawa gani nyingine, anasema hatumii kitu. Nikiomba daftari la kliniki ndipo hadithi inapotoka: presha 150, mwezi unaofuata 165, mwezi unaofuata 180, na kila mwezi daktari anaongeza dozi ya vidonge ambavyo baba huyu alishaacha kuvimeza. Anavichukua, anavifikisha nyumbani, anavifungia kabatini. Hata mkewe hajui.

Huyo ndiye mgonjwa ninayemhofia kuliko wote. Siku presha itakapomwangusha, ndugu watasema alikuwa anatumia dawa vizuri kabisa. Na akiamua siku moja kurudi, akameza kwa mpigo dozi kubwa ambayo mwili wake haujawahi kuiona, presha inaweza kushuka ghafla akaanguka chooni.

Sasa, je, ana haki ya kuzishuku dawa? Anayo. Kuna dawa za presha ambazo kweli zinagusa unyumba. Ile inayowakojoza, haidroklorothayazidi, imo. Atenololi na propranololi, zinazopunguza kasi ya moyo, zimo pia. Metildopa inafanya kazi kwenye ubongo, nayo imo. Spironolaktoni, ambayo wenye moyo uliochoka wanapewa, inaizuia homoni ya kiume isifanye kazi yake, ndiyo maana wanaume wengine wanaoitumia matiti yanavimba na kuuma. Lakini zipo nyingine, kama amlodipini na losartani, ambazo kwa watu wengi hazina ugomvi na chumba cha kulala. Maana yake kuna nafasi ya kubadilishiwa. Yule baba wa dirishani angesema mwezi wa kwanza, angebadilishiwa mwezi wa pili.

Ila naye presha anaionea huruma mno. Presha isiyotibiwa inaharibu mishipa ya damu, na sukari inaharibu mishipa ya damu pamoja na ya fahamu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayoanza kulalamika. Mwanaume anaacha dawa ili apate nguvu, miaka miwili mbele nguvu zimekwisha kabisa na dawa hakunywa.

Hapa mimi mwenyewe nina mtihani. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha utafiti wa wanaume 96 wenye maradhi ya moyo na mishipa, waliokuwa ndio kwanza wanaanzishiwa atenololi. Waliwagawa makundi matatu. La kwanza hawakuambiwa wanapewa dawa gani. La pili waliambiwa jina la dawa, basi. La tatu waliambiwa jina na wakaambiwa kwamba inaweza kupunguza nguvu za kiume, ingawa si kwa watu wengi. Dawa ni ileile. Katika kundi la kwanza waliopata tatizo walikuwa asilimia 3.1. La pili asilimia 15.6. La tatu asilimia 31.2. Tena wale waliopata tatizo walipopewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani, vikasaidia karibu sawa na vidonge vya kweli vya nguvu za kiume.

Mnaona ugumu wake. Kwa kusimama hapa na kutaja haya, huenda kuna mtu nimempa tatizo ambalo asubuhi alipokunywa uji hakuwa nalo. Wapo wenzangu wanaosema basi heri mfamasia anyamaze. Sikubaliani nao. Mtu wa Mpunguzi hayumo kwenye kundi la kwanza la utafiti. Jirani ameshamwambia, shemeji ameshamwambia, dereva wa bodaboda ameshamwambia na chumvi akatia. Mimi nikinyamaza simrudishi kwenye asilimia 3. Namwacha na maneno ya jirani. Kwa hiyo nasema, lakini nasema na upande wa pili: wengi wanaotumia dawa hizi hawapati tatizo, anayelipata mara nyingi linarekebishika, na hofu peke yake inatosha kuuzima mwili wa mwanaume. Wala msitoke hapa mkisema mfamasia kasema ni mawazo tu. Sijasema hivyo.

Mliosoma shule za bweni, au mliopita kambini, mnajua hofu inavyofanya kazi. Nani hapa hakuambiwa kwamba mpishi anatia mafuta ya taa kwenye maharage ili kuwatuliza vijana? Naona mnacheka. Askari wa Uingereza nao walikuwa na uvumi kama huo, wao wakisema wanatiliwa bromaidi, dawa ya kutuliza, kwenye chai. Mafuta ya taa hayana kazi hiyo mwilini. Kazi yake ni mbaya zaidi: yakiteremkia kwenye mapafu yanayachoma, na mtoto aliyeyanywa akidhani ni maji anaweza kufa. Kijana wa bweni hamu inashuka kwa sababu ya usingizi mdogo, chakula kidogo na mitihani. Lakini akishaamini maharage yametiwa kitu, kila asubuhi anajikagua.

Kuna jambo moja la kwetu watoa dawa ambalo haliwekwi wazi. Kila dawa inatoka kiwandani na karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, imeandikwa kwa herufi ndogo, na humo madhara yametajwa, hata ya unyumba. Karatasi hiyo haifiki Mpunguzi. Sisi tunafungua kopo la vidonge elfu moja, tunahesabu thelathini, tunavitia kwenye kibahasha cha plastiki, tunaandika 1x1, tunakupa. Karatasi inabaki stoo. Si kwamba tunakuficha. Kopo ni moja na watu ni wengi. Lakini ina maana hiyo karatasi ni lazima uiulizie kwa mdomo. Mwulize anayekupa dawa: "Hii ina madhara gani, hata ya chumbani?" Neno "hata ya chumbani" linafungua mlango, maana na sisi tuna haya zetu. Tunamweleza mgonjwa kuhusu kikohozi na kizunguzungu, tukifika hapo tunaangalia pembeni.

Nihamie kwenye dawa za ubongo, kwa sababu hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kuna familia nyingi zenye mtu anayetibiwa pale au aliyerudi nyumbani na dawa zake. Haloperidoli, klopromazini, na ile sindano ya kila mwezi zinaziba dopamini, kemikali ya ubongo ambayo pamoja na mambo mengine inaleta raha na hamu. Dopamini ikizibwa, homoni nyingine inayoitwa prolaktini inaachiwa breki. Prolaktini akina mama mnaijua bila kuijua: ndiyo inayotengeneza maziwa, na ni sababu mojawapo ya mama anayenyonyesha kutokuwa na habari na mumewe kwa miezi. Sasa fikiria homoni hiyo imepanda kwa mwanaume wa miaka 30, au kwa msichana ambaye hajazaa. Mwanaume hamu inakauka, wengine matiti yanakua. Msichana hedhi inasimama, maziwa yanatoka, mama mkwe anasema ana mimba ya nje. Nimekutana na ndoa iliyotetereka kwa jambo hili, na kipimo cha damu kingelieleza mapema.

Dawa za msongo wa mawazo nazo, kama fluoksetini, zinapandisha serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, na kwa watu wengi hamu inapungua au mtu anachelewa mno kufika kileleni, wanaume kwa wanawake. Kwa wengi hali inarudi baada ya kubadilishiwa au kumaliza matibabu. Wapo wachache ambao tatizo liliendelea hata baada ya kuacha, na mwaka 2019 wasimamizi wa dawa wa Umoja wa Ulaya walitaka jambo hilo liandikwe kwenye karatasi za dawa hizo. Wenye sukari, wale mnaopewa amitriptilini usiku kwa ajili ya miguu inayowaka moto, nanyi hamjui kwamba asili yake ni dawa ya msongo wa mawazo. Nayo imo humu. Fenobabitoni ya kifafa pia imo.

Nisikilizeni vizuri hapa. Hizi zote haziachwi ghafla. Fenobabitoni ukiikata leo, degedege linaweza kukushika mfululizo lisikuachie. Atenololi ukiikata leo, moyo unaweza kwenda mbio na kifua kikabana. Dawa ya Mirembe ukiikata, ugonjwa unarudi, na kurudi kwake hakupigi hodi.

Akina mama, sindano. Nimesikia maneno yenu: inamfanya mwanamke awe baridi, inamwagisha maji, mume anatafuta nje. Ukweli uko katikati. Kuna wanawake ambao hamu inashuka wakitumia sindano ya miezi mitatu. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vinaongeza mwilini protini inayoikamata testosteroni, ile homoni ya kiume, na mwanamke naye ana testosteroni kidogo inayochangia hamu yake. Wapo wengi wasioona badiliko lolote. Na wapo ambao hamu inapanda, kwa sababu hofu ya mimba ya sita imeondoka. Dada mmoja aliniambia tangu aweke kitanzi ndiyo kwanza anamfurahia mumewe. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata kidogo, kwa hiyo anayehisi sindano inamwonea ana pa kuhamia. Na mume ambaye mkewe amepoa, kabla hujalaumu sindano, uliza nani aliyeamka saa kumi kuchota maji, akaenda shamba, akarudi kupika.

Nilisema wapo ambao hamu inapanda. Mzee akipata ule ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson, dopamini yake imepungua, na dawa zinairudisha. Baadhi ya dawa hizo, hasa za aina ya pramipeksoli, zinaweza kuizidisha upande wa hamu: mzee wa miaka 70 anaanza kumsumbua mkewe usiku kucha, au anaanza kucheza kamari. Familia inakimbilia kwa mganga. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Rennes, Ufaransa, iliamuru kampuni ya dawa imlipe fidia mgonjwa aliyepatwa na hayo yote mawili, kwa sababu hakuonywa. Kwa hiyo mzee akibadilika tabia baada ya kuanza dawa, kabla ya kumwita muhuni, leta kibahasha.

Sasa tuje shambani, maana hapa ni nchi ya zabibu.

Mkulima wa zabibu anapiga sumu mara nyingi kuliko anavyolala mchana. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, ukiingia hauna subira. Nimewaona mkichanganya: mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya ndoo. Solo, bomba la kupulizia sumu, mgongoni inavuja, shati limelowa, upepo unarudisha ukungu usoni. Nozeli ikiziba inatolewa, inapulizwa kwa mdomo, inarudishwa. Jioni shati hilo linafuliwa beseni moja na nguo za mtoto.

Je, sumu inaondoa hamu? Ushahidi wa zamani kabisa ninaoujua unatoka Paris. Mwaka 1856 daktari Auguste Delpech alieleza habari za mafundi wa mpira waliokuwa wanavuta mvuke wa kaboni disalfaidi viwandani. Mwanzoni walichangamka, hamu ikapanda kupita kiasi. Baadaye ikazimika, na mwili ukadhoofika. Miaka zaidi ya kumi mbele kemikali hiyohiyo ikaanza kudungwa kwenye udongo wa mashamba ya zabibu ya Ufaransa, kumuua mdudu wa filoksera aliyekuwa anamaliza mizabibu yao.

Lakini kwa sehemu kubwa ushahidi wa sumu za shambani uko kwenye uzazi zaidi kuliko kwenye hamu, na hizo ni shida mbili tofauti. Mwaka 1977, pale Lathrop, California, wanaume wa kiwanda cha viuatilifu walikuja kugundua kwa mazungumzo yao wenyewe kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, mbegu zilikuwa chache mno au hazipo kabisa. Sumu waliyokuwa wanaitengeneza inaitwa DBCP, ya kuua minyoo ya udongoni, na ilitumika hata kwenye mizabibu. Kilichowashtua ni watoto kukosekana, si unyumba kuharibika. Ndiyo ubaya wake: mwanaume anaweza kuwa dume chumbani na asijue kwamba sumu imeshamla. Kuna na ya ukungu, vinklozolini, iliyotumika sana kwenye zabibu za Ulaya, ambayo mabaki yake mwilini yanaizuia homoni ya kiume. Panya wajawazito waliolishwa walizaa madume yenye maumbile yenye kasoro. Mama mjamzito, kaa mbali na ndoo ya kuchanganyia. Sitaki ubishi hapo.

Gauni la plastiki, buti, glavu, barakoa, nozeli inazibuliwa kwa brashi au kwa maji. Mnajua yote haya, mlishafundishwa na afisa ugani. Nyongeza yangu ni moja: ukijisikia vibaya baada ya kupiga, mate yanajaa, macho yanatoa machozi, jasho, mboni zimekuwa ndogo, usinywe maziwa ukalala. Nenda zahanati na chupa ya sumu mkononi.

Vijana wa chini ya mwembe, zamu yenu. Sildenafili, yaani Viagra, kile kidonge cha bluu cha nguvu za kiume, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na awali ilikuwa inajaribiwa kwa maumivu ya kifua. Inafungua mishipa ya damu. Haileti hamu. Kama hamu haipo, unakunywa kidonge na unabaki unatazama dari. Kwa mzee anayetumia dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, mchanganyiko huo unaweza kumuua, na ndiyo maana naogopa vumbi na mizizi ya kwenye pakiti isiyo na jina: katika nchi nyingi wakaguzi wamepima bidhaa za "asili" wakakuta sildenafili imesagwa humo ndani kimyakimya. Unadhani umekula mizizi, kumbe umekula kidonge usichojua uzito wake.

Tramadoli mnayopeana ili mtu achelewe ni dawa ya maumivu makali, ya jamii ya afyuni. Kweli inachelewesha. Pia inaweza kuleta degedege, inashika mtu asiweze kuiacha, na ukiitumia muda mrefu inashusha testosteroni ileile unayojisifia. Pombe sisemi sana. Mnajua nyumba ambayo baba anarudi kutoka kilabuni hajiwezi.

Kuhusu la kufanya, nina machache. Ukienda kliniki, usiseme "sijisikii vizuri", daktari ataandika malaria. Sema: "Tangu nianze dawa hii, mwezi fulani, hamu imeshuka," au "hamu ipo ila mwili haukubali." Hayo ni matatizo mawili na yanatibiwa tofauti. Taja ilianza lini, maana kama ilianza mwaka mmoja kabla ya dawa, dawa haihusiki na tutafute sukari au mgogoro wa nyumbani. Njoo na mwenzako kama mnaelewana. Na kila dhara la dawa linaripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kuna fomu, nitaijaza mimi, jina lako halitangazwi.

Nimemwomba Mtendaji chumba cha nyuma cha ofisi. Nitakaa mpaka saa kumi na moja. Mnaingia mmoja mmoja au mke na mume, na mlango unafungwa. Njooni na dawa zote, pamoja na zile za kabatini ambazo mama hazijui, na za mmachinga, na chupa za sumu mlizonazo.

Sasa maswali. Naanza na akina mama, maana wanaume mkipewa nafasi mtauliza bei ya zile za bluu tu.